Ratiba ya Ulaya kwa Mwendo wa Bibi

Watu wengi wanaopanga kuizunguka Ulaya kwa gari wakati wa kiangazi huanza na ramani. Huweka alama Paris, Venice na Barcelona, huziunganisha kwa mstari, kisha hutafuta mahali pa kulala njiani. Kwa familia kama yetu mtindo huo haufiki mbali, kwa sababu ndani ya gari moja tutakuwa na pasipoti za mataifa matatu, watoto wawili wanaobanwa na kalenda ya shule, na mama yangu mzazi, ambaye atatoka Tanga akiwa na viza ya kuingia mara moja na magoti yasiyotaka kusikia habari za ngazi. Kwa hiyo mwaka huu nilianzia upande wa pili. Nilijiuliza kwanza nani kati yetu ana karatasi dhaifu kuliko wengine na nani huchoka mapema kuliko wengine, kisha njia nzima nikaikata kwa kipimo chao. Kilichopatikana ni safari ya kutoka Köln, Ujerumani, tunakoishi, hadi Dubrovnik, kusini kabisa mwa Kroatia, na hapa naeleza tulivyoifikia, kwa faida ya wenzetu wa ughaibuni wanaotarajia kuwapokea wazee wao msimu huu.

Nianze na karatasi, maana ndizo zilizochora njia. Mume wangu ni mtu wa Mombasa na ana pasipoti mbili, ya Kenya na ya Ujerumani, kwa kuwa Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inaruhusu uraia wa nchi mbili. Watoto wamezaliwa hapa na ni raia wa hapa. Mimi bado nimeshika pasipoti ya Tanzania, ambayo sheria yake ya uraia haimruhusu mtu mzima kuchukua uraia wa nchi nyingine akabaki Mtanzania, kwa hiyo ninaishi kwa kibali cha ukaazi. Bibi, kama watoto wanavyomwita na kama nitakavyomwita hapa, atakuja kwa viza ya Schengen, yaani eneo la nchi za Ulaya zilizofuta ukaguzi wa kawaida kwenye mipaka ya kati yao. Kibali changu kinaniruhusu kutembelea nchi nyingine za Schengen hadi siku 90 ndani ya kila siku 180 bila kuomba kitu kingine, na viza ya Bibi nayo inamfungulia nchi zote 29 za eneo hilo. Tofauti yetu ipo kwenye kurudi. Mimi nikitoka nje ya Schengen nitaingia tena kwa kibali changu. Yeye akikanyaga nje hata kwa nusu saa, viza yake imekwisha kazi, ijapokuwa siku zilizoandikwa juu yake bado zimesalia tele.

Jambo hilo moja ndilo lililofuta London. Mdogo wangu anaishi Uingereza, na watoto wamekuwa wakiomba kwenda kwa mama mdogo tangu mwaka jana. Kijiografia ni karibu: unaendesha hadi Calais, unapakia gari kwenye feri au treni ya chini ya bahari, na jioni uko Kent. Lakini Uingereza haimo Schengen. Mume wangu na watoto, kwa pasipoti zao za Kijerumani, wangehitaji kibali cha kielektroniki tu kinachoombwa kwa simu. Bibi na mimi tungehitaji viza kamili ya Uingereza, ambayo mwaka 2025 ada yake ilikuwa pauni 127 kwa kila mmoja, pamoja na fomu zake, vielelezo vyake na kusubiri kwake. Na baada ya yote hayo Bibi asingeweza kurudi Ujerumani kupanda ndege yake. Mdogo wangu alinuna kidogo kwenye simu, kisha akaamua mwenyewe kwamba atatufuata kwa ndege hadi Split, mji wa pwani ya Kroatia, jambo ambalo ni rahisi kwa mwenye pasipoti ya Uingereza kuliko lingekuwa kwetu sisi kumfuata yeye.

Viza ya Bibi yenyewe inastahili maelezo marefu kidogo, kwa sababu hapo ndipo wengi wanapochelewa. Kanuni ni kwamba unaomba katika nchi utakakokaa zaidi, si lazima ile utakayoitembelea kwa furaha zaidi. Bibi atakaa nasi Köln muda mwingi kuliko atakaokuwa Kroatia, kwa hiyo maombi yake yanakwenda ubalozi wa Ujerumani jijini Dar es Salaam, yakiambatana na barua yangu inayoeleza safari ya gari pamoja na ratiba ya miji tutakayolala. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari hadi siku 15 kabla yake, si baada ya hapo. Lakini kabla ya kiangazi miadi huwa adimu, na anayengoja Juni aanze kutafuta nafasi ya Julai anajitafutia presha bure. Ada ya mtu mzima ni euro 90. Bima ya matibabu ya safari ni lazima iwe ya euro 30,000 au zaidi na ifanye kazi katika nchi zote za Schengen, sharti ambalo huwa muhimu mno kwa msafiri wa gari, maana siku moja anaweza kupata kifungua kinywa katika nchi moja na kulala katika nyingine.

Kwa upande wangu nilikwenda idara ya wageni na karatasi za mshahara nikatia saini hati ya kumdhamini mgeni, ambayo ada yake ni euro 29. Hati hiyo isichukuliwe kuwa barua ya mwaliko tu. Ukiisaini umekubali kwamba gharama zote za mgeni wako, kuanzia chakula hadi hospitali hadi tiketi ya kumrudisha, zitadaiwa kwako. Nawaona watu wakiisaini kwa haraka wakidhani ni utaratibu wa kupita. Mimi niliisoma kwanza, kisha nikaongeza kiwango cha bima ya Bibi, kwa sababu bima nyingi za safari hazigusi maradhi ambayo mtu alikuwa nayo tangu kwao, na Bibi ana shinikizo la damu. Atakuja na dawa zake za muda wote wa kukaa kwake, zikiwa ndani ya maboksi yake, pamoja na barua ya daktari.

Akitua, atakutana na mfumo mpya wa mipakani ulioanza kutumika 12 Oktoba 2025, ambao umechukua nafasi ya mihuri kwenye pasipoti: picha ya uso, vidole juu ya kioo, na kompyuta inahesabu yenyewe siku zako. Nilipomweleza kwamba atatakiwa kuweka vidole tena, alinijibu, "Mwanangu, vidole vyangu si walishavichukua ubalozini? Au wanadhani njiani nimeota vingine?" Mume wangu, aliyekuwa akisikiliza, akamwambia, "Mama, wewe viweke tu, sisi tuko mlangoni tunakungoja."

Sasa tuje kwenye Dubrovnik, na kwenye kipande kifupi cha pwani ambacho karibu kituharibie kila kitu. Ukiangalia ramani ya Kroatia utaona pwani yake ndefu inashuka kuelekea kusini, kisha inakatika ghafla, kwa sababu Bosnia na Herzegovina inafika baharini katika mji mdogo wa Neum, halafu pwani ya Kroatia inaendelea tena hadi Dubrovnik. Mkato huo una asili ya zamani. Jamhuri ya Dubrovnik, iliyokuwa ikiwaogopa Waveneti kuliko ilivyowaogopa Waturuki, iliwaachia Dola ya Uthmaniya ukanda huo katika mapatano ya Karlowitz ya mwaka 1699 ili isipakane na Venice. Karne tatu baadaye, ujanja huo wa wanadiplomasia wa Dubrovnik ulimaanisha kwamba mtu yeyote anayeendesha gari kwa barabara, bila feri, kutoka Split kwenda Dubrovnik alilazimika kuingia Bosnia, kupanga foleni, kutoka Bosnia na kupanga foleni nyingine. Kwa Mjerumani hilo lilikuwa kero ya saa moja au mbili za jua. Kwa Bibi lingekuwa mwisho wa viza.

Kilichotuokoa ni daraja la Pelješac. Lina urefu wa kilomita 2.4, lilijengwa na kampuni ya Kichina kwa msaada wa euro milioni 357 kutoka Umoja wa Ulaya, na lilifunguliwa 26 Julai 2022. Linaondoka bara kabla ya Neum, linavuka mlango wa bahari hadi rasi ya Pelješac, na barabara inakuteremsha tena bara ukiwa umeshaipita Bosnia bila kuigusa, wala hulipi ushuru wa kuvuka. Miezi michache baadaye, 1 Januari 2023, Kroatia ikaingia Schengen na kuanza kutumia euro kwa siku moja. Mambo hayo mawili kwa pamoja ndiyo yaliyoufanya mji wa Dubrovnik ufikike kwa gari na mtu mwenye viza kama ya Bibi. Sijaona kitabu cha utalii kinacholisema hili waziwazi. Huandikwa kwa ajili ya watu ambao mpaka kwao ni kibanda cha kupunguza mwendo.

Gharama yake ni kwamba Mostar, mji wa Bosnia, imetoka kwenye orodha. Naisikitikia, kwa sababu daraja lake la kale, lililobomolewa kwa mizinga mwaka 1993 na kufunguliwa upya mwaka 2004, ni mwendo mfupi kutoka pwani, na Bibi angefurahi kusikia adhana ikitoka kwenye minara ya mawe katikati ya Ulaya. Badala yake tumepanga kufika Ljubljana, mji mkuu wa Slovenia, mapema ili tusali adhuhuri katika msikiti uliofunguliwa mwaka 2020, baada ya Waislamu wa mji huo kuuomba tangu mwaka 1969. Bibi alipoambiwa idadi ya miaka waliyongoja alisema wenye subira hiyo wanastahili kutembelewa, na tangu siku hiyo kila akipiga simu anauliza Ljubljana tutafika saa ngapi, kana kwamba Dubrovnik ni kituo cha kupita tu.

Kusema kwamba ndani ya Schengen hakuna mipaka ni kweli ya kwenye karatasi. Ujerumani inakagua mipaka yake yote ya nchi kavu tangu Septemba 2024, na ule wa Austria tangu mwaka 2015. Slovenia nayo ilirudisha ukaguzi kwenye mpaka wake na Kroatia Oktoba 2023. Magari mengi hupungiwa mkono yapite. Gari lenye sura kama zetu halina sababu ya kutegemea hivyo, kwa hiyo karatasi zote zitakaa kwenye kipochi kimoja cha zipu nitakachokishika mimi: pasipoti, kibali changu, bima ya Bibi, nakala ya hati ya udhamini, kadi ya gari na kadi za bima ya afya, ambazo nyuma yake ndiyo kadi ya matibabu ya Ulaya.

Humo humo nimetia nakala za vyeti vya kuzaliwa vya watoto, na sababu yake wenzangu wa pwani wataielewa mara moja. Watoto wetu wanabeba jina la baba na la babu kama ada yetu ilivyo, mimi nina jina la baba yangu, na Bibi ana la baba yake. Askari wa Kizungu anayefungua pasipoti hizo anaona gari la watu wasiohusiana: mwanamke mwenye jina hili, watoto wenye jina lile, mzee mwenye jina la tatu. Cheti cha kuzaliwa chenye jina langu mahali pa mama humaliza maswali hayo kabla hayajageuka kuwa mahojiano. Ikitokea mzazi mmoja tu ndiye anayesafiri na watoto, aongeze barua ya ridhaa ya yule mwingine yenye nakala ya pasipoti yake.

Baada ya karatasi, kalenda. Majimbo ya Ujerumani hayafungi shule siku moja; hupishana kwa makusudi ili barabara zisizibwe na nchi nzima kwa mkupuo. Jimbo letu la North Rhine-Westphalia linafunga 20 Julai mwaka huu wa 2026, na Bavaria, ambayo siku zote huwa miongoni mwa majimbo ya mwisho, inafunga 3 Agosti. Kuna dirisha hapo katikati, na tumelipania: tukipita Nürnberg na Munich kabla ya Wabavaria hawajapakia magari yao, tumepunguza sehemu kubwa ya foleni. Kuwatoa watoto shuleni siku chache kabla ya kufunga, kama ambavyo tungefanya nyumbani kwa kuzungumza tu na mwalimu, hapa ni kosa lenye faini.

Siku ya juma nayo ina uzito wake. Nyumba nyingi za likizo katika pwani ya Adriatiki hukodishwa kuanzia Jumamosi hadi Jumamosi, kwa hiyo siku hiyo familia zinazorudi na zinazokwenda hukutana kwenye mahandaki yale yale ya Austria. Wafaransa wana huduma ya serikali iitwayo Bison Futé, iliyoanzishwa mwaka 1976 baada ya foleni ya kutisha ya kiangazi kilichotangulia, ambayo huzipa siku rangi, na Jumamosi mbaya kuliko zote hupewa nyeusi. Upande wetu, klabu ya wenye magari ya ADAC hutoa utabiri wa foleni kila wiki. Sisi tumechagua kuondoka Jumapili alfajiri, 26 Julai, kwa sababu Ujerumani hairuhusu malori makubwa barabarani Jumapili hadi saa nne usiku, na barabara ya A3 kutoka Köln kwenda Frankfurt bila malori ni kama barabara nyingine kabisa. Adhuhuri tuwe Nürnberg.

Kutoka Köln hadi Dubrovnik ni karibu kilomita 1,800. Vijana tunaowafahamu huimaliza kwa kupokezana usukani usiku kucha, wakafika wakiwa na macho mekundu na hadithi ya kujisifia. Kwetu kikomo cha siku ni yapata kilomita 400, kwa sababu tulimuuliza Bibi anaweza kukaa kitini muda gani, naye akajibu kwa kipimo anachokijua: basi la kutoka Tanga hadi Dar es Salaam analivumilia, kuzidi hapo miguu inavimba. Basi hilo hukata takriban kilomita 350. Hivyo Jumapili tutalala nje ya Nürnberg, Jumatatu karibu na Salzburg, Jumanne Ljubljana, Jumatano Zadar, na Alhamisi tutamalizia kipande kifupi hadi Kaštela, mfululizo wa vijiji vya pwani kati ya Trogir na Split, ambako ndiko tutakakopiga kambi.

Kila baada ya saa mbili tunasimama, Bibi atake asitake, ashuke atembee. Tutaepuka vituo vikubwa vya kando ya barabara kuu, ambavyo mafuta yake ni ghali kuliko ya mjini na vyoo vyake vingi Ujerumani ni vya kulipia euro moja, ukapewa kuponi ya kununulia vitu dukani kwao, yaani kahawa ambayo hukuwa unaihitaji. Ukichepuka dakika tano hadi mji wa karibu unapata sheli ya bei nafuu na bustani yenye kivuli. Chupa ya chai ya tangawizi, mahamri na kachori vitatoka nyumbani, na mkeka utakuwa juu ya mizigo yote, kwa ajili ya kula na kwa ajili ya sala. Kama wasafiri tutakusanya na kupunguza, jambo linaloturahisishia sana, kwa sababu mwishoni mwa Julai jua la Köln huzama saa tatu na nusu usiku, na isha ukiingojea kwa wakati wake watoto watakuwa wamelala zamani.

Suala lililotuchukua jioni nzima ni nani akae wapi. Sheria ya Ujerumani inamtaka mtoto atumie kiti chake maalumu mpaka afikishe miaka 12 au urefu wa sentimita 150, na wetu wote wawili hawajafika. Viti viwili vya watoto kwenye benchi la nyuma huacha katikati nafasi ya mtu mwembamba, na Bibi, pamoja na heshima yake, si mtu wa kubanwa katikati. Mbele ni pake, hilo halikujadiliwa. Lakini mbele pia ndipo anapokaa anayesoma ramani, kwa hiyo mimi nitakuwa nyuma kati ya watoto, simu mkononi, nikielekeza njia juu ya mabega ya watu. Tulipima kwa futi kabla ya kuamua. Nikikaa upande upande mkanda unafunga. Mizigo imehamia kwenye boksi la juu ya paa, na mume wangu amepewa jukumu la kutolisahau tutakapoingia maegesho ya chini ya majengo.

Kuhusu ushuru wa barabara nitakwenda haraka. Ujerumani gari dogo halilipi. Austria inadai stika, siku hizi unaweza kuinunua kwenye mtandao ikaunganishwa na namba ya gari, lakini stika hiyo haijumuishi handaki la Tauern, linalolipiwa peke yake, wala lile la Karawanken, la karibu kilomita 8, linalokutoa Austria na kukuingiza Slovenia. Slovenia ina stika yake ya kielektroniki, na mwaka 2025 ya wiki iliuzwa euro 16, ya mwezi euro 32; anayekwenda na kurudi kwa zaidi ya siku 7 atagundua kwamba mbili za wiki ni bei ile ile na moja ya mwezi, basi achukue ya mwezi apumue. Kroatia hulipisha kwa umbali. Nunua kwenye tovuti rasmi za kila nchi, maana ukitafuta kwa haraka wanaojitokeza juu mara nyingi ni madalali wanaoongeza cha kwao.

Nitasimama kidogo kwenye jambo moja la usalama, kwa kuwa sisi tuliojifunza kuendesha upande wa kushoto, kwenye barabara za kwetu, halitujii lenyewe. Foleni ikianza kujikusanya kwenye barabara kuu za Ujerumani, Austria au Slovenia, kabla hata hamjasimama kabisa, walio kwenye njia ya kushoto kabisa husogea kushoto na wengine wote husogea kulia, ili katikati ubaki uchochoro wa gari la wagonjwa. Tanga nafasi kama hiyo isingedumu sekunde kumi kabla bodaboda hazijaijaza. Hapa asiyesogea anaanza na faini ya euro 200 na kufungiwa leseni mwezi mzima, na naona ni haki, kwa sababu siku moja anayengojewa mbele anaweza kuwa Bibi. Fulana za kuakisi mwanga tumenunua za watu wote waliomo garini, na zitakaa mifukoni mwa milango. Zikiwa kwenye buti chini ya masanduku hazimsaidii mtu. Namba ya dharura ni 112 katika nchi zote za njiani, na watoto wameikariri.

Kutafuta nyumba ndiko kulikonichosha kuliko yote, kwa sababu ya utaratibu ule wa Jumamosi na kwa sababu ya ngazi. Miji ya Dalmatia, yaani pwani hii ya Kroatia, imejengwa kwenye miteremko ya mawe, na nyumba inayoelezwa kuwa iko mita 100 kutoka baharini inaweza kuwa mita 100 za kupanda. Nilianza kuwaandikia wenye nyumba nikiwaomba kitu kimoja: picha zinazofuatana kutoka mlango wa gari hadi kitanda. Wengi hawakujibu. Mama mmoja wa Kaštela alinitumia video, akitembea taratibu kutoka kwenye kibaraza cha kuegeshea gari, akapita chini ya mzabibu, akapanda ngazi moja tu ya mlangoni, kisha akageuza kamera bafuni akaonyesha kishikio ukutani, akieleza kwamba mama yake mwenyewe alikuwa akiishi hapo. Nyumba haina mandhari ya bahari, na tunaichukua.

Dubrovnik yenyewe hatutalala. Mji wa kale hauingizi magari, maegesho ya karibu ni ghali, na kuta zake za mita 1,940, ambazo ndizo kila mtu anazofuata, ni kupanda na kushuka ngazi juu ya mawe yaliyokaangwa na jua la Agosti. Tutalala Ston, upande wa pili wa daraja, na asubuhi mapema baba na watoto watazunguka kuta, huku Bibi na mimi tukipanda kigari cha kamba hadi mlima Srđ tukauone mji wote kutoka juu tukiwa tumekaa. Ston nimeichagua pia kwa sababu ya mashamba yake ya chumvi, yanayovunwa tangu enzi za Jamhuri ya Dubrovnik kwa maji ya bahari na jua peke yake. Bibi amekulia karibu na mashamba ya chumvi ya Tanga, na ameshaanza kuuliza kama huko wanakomba kwa reki za mbao au za chuma na kama maji wanayaingiza kwa bamvua. Katika safari nzima hicho ndicho kituo pekee ambacho yeye atakuwa mtaalamu kuliko sisi wote.

Kwa sasa miadi ya ubalozini imepatikana, na tiketi ya ndege ya Bibi imeshikiliwa bila kulipiwa, kwani ubalozi wenyewe hushauri mtu asilipe kabla ya kupata viza. Nyumba zote za njiani zinaweza kuachwa bila kukatwa hela hadi siku chache kabla. Ya Kaštela ndiyo yenye masharti makali, na mwisho wake ni 10 Julai. Pasipoti ya Bibi ikirudi na viza kabla ya hapo, tunalipa. Isiporudi, nitamwandikia yule mama mwenye nyumba kumwomba tusogeze hadi nusu ya pili ya Agosti, ambapo bado tuna likizo mpaka 1 Septemba, na Wabavaria wote watakuwa wameshatangulia baharini.